Goti la Mpanzi

4 Februari

Kwako mjukuu wangu,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia kwa sababu nakujua: barua yako itaanza na malalamiko ya chumba, yafuate ya chakula, na shikamoo utaikumbuka ukiwa umeshalamba bahasha. Sisi hapa ni wazima. Mama yako mdogo amepaka ukumbi rangi ambayo yeye anaiita ya maziwa na mimi naiita ya hospitali, na tumekubaliana tusiijadili wakati wa kula. Paka amezaa ndani ya droo ya soksi zangu. Sasa navaa viatu bila soksi, na watu barabarani wanadhani nimeanza ujana upya.

Nimefurahi kusikia wamekupokea kwenye karakana ya miwani. Najua wako waliotaka uwe mwanasheria. Waache. Mimi nimekula mkate wangu kwa kutazama ndani ya vinywa vya watu, wewe utakula wako kwa kuwasaidia watazame. Naona ni ukoo mmoja wa kazi.

Sasa jambo lenyewe. Ndani ya kifurushi hiki nilichokipeleka kwa rejista kuna kibahasha cha plastiki, na ndani yake kuna franka moja ya Ufaransa, ya madini ya fedha, ya zamani kuliko mimi. Ukiwa mdogo uliniuliza kwa nini daktari wa meno anakusanya sarafu za Kifaransa, nami nikakujibu kwamba meno ya Kifaransa yalikuwa yamekwisha sokoni. Jibu la kweli ni hili. Karne mbili nyuma, huko kwao, waganga wa meno walikuwa wakichukua sarafu za fedha, wanazikwangua kwa tupa hadi zinakuwa unga, wanachanganya ule unga na zebaki, na kwa uji huo wanaziba matundu ya meno. Mwalimu wangu alitusimulia habari hiyo darasani, na wenzangu wote wakacheka. Mimi sikucheka. Niliwaza ni nyuso ngapi nzuri zilisagwa zikaishia kwenye magego ya watu. Nilipopata mshahara nikaanza kuziokoa zilizobaki.

Lakini siokoi zote. Natafuta zile ambazo hazikupita mikononi mwa watu. Wafaransa wana madaraja: kuna nzuri, kuna nzuri sana, na juu kabisa kuna daraja wanaloliita ua la muhuri. Ni sarafu iliyotoka kwenye chuma cha kugongea na ikabaki vilevile, haijaguswa na kidole wala kusuguana na mwenzake mfukoni. Hiyo niliyokuletea ni ua.

Ishike ubavuni tu, kwa kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa laini. Usiisugue hata ukiona ina kivuli. Kivuli hicho ni umri wake, na anayekisugua huondoa ngozi ya juu ambayo hairudi. Usizungumze ukiwa umeinama juu yake, maana tone la mate litaacha doa la milele. Mimi huvaa barakoa ya kazini. Maisha yangu yote nimewaambia watu wafumbue vinywa. Sarafu zimenifundisha kuufumba wangu. Itazame juma zima, kisha uniandikie unachokiona. Usinipigie simu. Kwenye simu watu husema haraka wasichokiona.

Nataka mtu mwingine katika familia hii ajue kuziona. Usiniulize kwa nini sasa. Mzee ana haki ya kuwa na haraka mara moja moja.

Babu yako,
mng'oa meno mstaafu


21 Februari

Babu, shikamoo!

Umeona? Neno la kwanza kabisa. Nipe heshima yangu.

Chumba ni kidogo. (Nimeanza na shikamoo, sasa niache nilalamike.) Nikinyoosha mkono kitandani nafungua dirisha, nikinyoosha mguu nazima jiko. Chakula nakipika mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Kazini tuko wanne na mashine. Fundi mkuu ni mama mmoja asiyesema. Akipenda lenzi yako anaiweka kwenye trei, asipoipenda anaiweka mbele yako na kukutazama mpaka ujue mwenyewe kosa liko wapi. Tumempa jina Bosi Kimya. Nasikia hata mumewe anamwita hivyo. Msalimie mama mdogo, mwambie mimi nasema ni rangi ya maziwa.

Sasa kuhusu sarafu yako. Babu, siku za kwanza sikuona kitu. Nakwambia ukweli. Niliona mwanamke amevaa kofia, anatembea, mkono mmoja umekumbatia mfuko, mwingine umenyooka ukitupa mbegu. Nyuma yake jua linachomoza. Nikasema sawa, ni mama anapanda. Kila jioni namtoa, namtazama, namrudisha. Nikaanza kukusikitikia kidogo, nisamehe.

Halafu nikampeleka kazini. Tuna taa moja ya kukagulia lenzi, ina mwanga mwembamba unaotoka upande mmoja. Wakati wa mapumziko nikamweka pale, nikaanza kumwinamisha polepole kama tunavyoinamisha lenzi tukitafuta mikwaruzo. Mwanga ukaanza kuzunguka. Sijui niseme vipi. Ulikuwa kama mbawa mbili za nuru zilizokutana katikati, na nilipoinamisha sarafu zikazunguka juu ya yule mama, zikapanda kwenye goti, zikavuka kifua, zikapita kwenye mkono, na popote zilipopita nguo yake ilikuwa kama inapepea. Sarafu imekaa kimya mkononi mwangu na ndani yake kuna kitu kinakimbia! Bosi Kimya alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu lini. Aliinama, akatazama, na Babu, akasema! Akasema, "Lo." Wenzangu wamelitia kwenye historia ya karakana.

Hiyo nuru ni nini? Nani aliiweka humo? Niambie upesi.

Mjukuu wako,
Bi Miwani


30 Machi

Kwako Bi Miwani,

Marahaba, na hongera kwa kumtoa neno Bosi Kimya. Sisi hatujambo. Watoto wa paka wanakimbia nyumba nzima na soksi zangu zimekwisha. Mama yako mdogo anakusalimu. Anasema wewe ndiye pekee mwenye akili katika ukoo huu. Niwie radhi kwa kuchelewa. Kalamu ilinisumbua, kisha kukawa na siku za mawingu, na mimi sipendi kuandika kwa taa.

Hukuambiwa kitu juu ya ile nuru, ukaiona mwenyewe. Nimeisoma barua yako mara nyingi kwa sababu hiyo. Sasa nikueleze. Chuma cha kugongea kinapoishukia sarafu kwa nguvu zake zote, madini ya fedha hayapondeki tu, yanatiririka. Yanakimbia kutoka katikati kwenda ukingoni kama maji yaliyomwagwa sakafuni, na yanapoganda huacha mistari midogo mno, isiyoonekana, yote ikielekea nje. Mwanga ukiangukia mistari hiyo unasambaa kwa namna ya gurudumu. Kwa hiyo ulichokiona kikizunguka ni pigo lenyewe, lile pigo moja la siku ile, bado limo. Wanaume waliolipiga wamekufa, mashine imeyeyushwa, na pigo lingali linakimbia mkononi mwako. Mwendo wa kidole kimoja tu ungetosha kulifuta.

Nimekuletea ya pili, franka tano, ile kubwa yenye jitu Herkule katikati ya wanawake wawili, Uhuru na Usawa. Itazame ubavuni. Kuna maneno yaliyoinuka, si yaliyochimbwa, na nyota kati yake: Mungu ailinde Ufaransa. Hebu fikiria ustadi wa kuandika kwenye ubavu wa kitu chembamba namna ile! Kisha tazama ukingo wa juu ulivyo mkali, na herufi zinazozunguka, kila moja imesimama kama jino jipya la mtoto.

Nina habari kubwa zaidi. Unamkumbuka rafiki yangu fundi saa, yule tunayemwita Mzee wa Saa, ambaye saa zake mwenyewe haziendi? Amepata Mpanzi, ndilo jina la yule mama wako anayetupa mbegu, ila huyu ni wa franka mbili, wa mwaka 1914, mwenye herufi ndogo C. Mwaka ule vita vilikuwa vinaukaribia mji wao mkuu, na kwa muda mfupi sarafu zikapigwa katika kiwanda cha mji mdogo wa kusini, Castelsarrasin. C ni alama ya mji huo. Ni chache, na zilizobaki maua ni chache kupita kiasi. Nimemtafuta huyu tangu mama yako hajazaliwa. Nimemshika mkononi mwangu, nimemkagua: ukingo mkali, mistari ya ubavuni yote hai, herufi za kuzunguka hazina hata alama, mpaka kile kimkia cha herufi Q nimekiona. Ni ua. Mzee wa Saa anamtaka Herkule. Nitampa safu yangu yote ya akina Herkule, miaka yote niliyoikusanya, naye anipe Mpanzi. Hiyo unayoishika uirudishe, imo kwenye hesabu ya mabadilishano.

Samehe mistari ya barua hii kupanda na kushuka. Meza ya ukumbini imelegea mguu.

Babu yako


14 Aprili

Babu yangu, shikamoo.

Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine, sasa dirisha liko mbali na kitanda kwa hatua nzima, najiona tajiri. Bosi Kimya ameniweka kwenye meza ya kukata lenzi za watu wenye macho magumu. Nimefurahi kuhusu watoto wa paka, niwekee mmoja.

Herkule nimemwona. Nimesoma ubavu wake kwa kucha, kisha kwa macho, kisha kwa kucha tena. Lakini kilichoniua ni tumbo lake! Misuli ile yote kwenye nafasi ndogo kuliko ukucha wangu. Mbona hukuniambia? Wewe unayeeleza kila kitu mpaka mtu anaomba maji, umeruka jitu zima?

Safu yote ya Herkule, Babu? Ile uliyokuwa ukinionyesha sikukuu, unaifunua kitambaa kimoja kimoja kama bibi harusi? Sikukatazi, nani mimi. Ila naomba kitu kimoja. Kabla hamjabadilishana, mwombe Mzee wa Saa amwache huyo Mpanzi asafiri kwangu siku chache. Si umesema unataka nijue kuona? Basi nionyeshe ua lililokutafutisha miaka yote hiyo.

Halafu nimekuwekea karatasi ya miraba. Ni mchezo tunaocheza karakana. Vaa miwani yako ya kusomea, funika jicho moja, tazama kitone cha katikati bila kuhama, uniambie kama mistari imenyooka yote. Kisha jicho la pili. Mwenzangu mmoja alisema anaona mistari yake imenyooka kuliko ya wengine, tukamcheka wiki nzima. Nijibu, usiniruke kama ulivyomruka Herkule.

Na meza ipigilie msumari.

Bi Miwani


9 Mei

Kwako mjukuu wangu,

Marahaba. Tu wazima. Mtoto wa paka mwenye doa puani ni wako. Mvua imetunyeshea vizuri, na mama yako mdogo amegundua kwamba rangi ya ukumbi haipendi maji.

Nimemshawishi Mzee wa Saa kwa taabu. Alisema, "Unampeleka kwa mtoto?" Nikamwambia, "Nampeleka kwa jicho." Basi huyo hapo, amefungwa kwa pamba. Mtazame hasa ukingo wake. Watu wengi hukimbilia uso wa sarafu kwa sababu uso ni wa watu wote. Mjuzi huanzia nje. Tazama ubavu ulivyokamilika bila kibonyeo hata kimoja. Sarafu iliyozungukazunguka duniani hugongwa ubavuni kwanza. Huyu hajagongwa. Ndiyo maana nasema ni ua.

Mabadilishano ni mwisho wa mwezi huu. Sihitaji maelezo marefu kutoka kwako safari hii. Niandikie neno moja: ua.

Babu yako


17 Mei

Babu, shikamoo.

Mimi mzima, kazini wazima, na Bosi Kimya anakusalimu, maana yake alitikisa kichwa nilipotaja jina lako. 

Nimemtazama Mpanzi wa Mzee wa Saa siku zote hizi. Ubavu wake ni kama ulivyosema. Herufi ni kama ulivyosema. Nikimwinamisha chini ya taa, nuru inaanza kukimbia ukingoni, nzuri ajabu, inazunguka inakuja katikati, na pale, Babu, inazimika. Kwenye goti hakuna kitu. Nyonga imekuwa bapa. Mikunjo ya nguo kifuani imelainika kama sabuni iliyotumika. Nadhani kuna mtu alimpenda sana akamweka mahali fulani peke yake, asigongane na wenzake, na akawa akimpapasa kwa kidole gumba, miaka na miaka, palepale katikati. Ni sarafu nzuri. Si ua. Hili haliwezi kumpita mtu. Mimi niliyeanza Februari nimeliona mara tu nilipomshika.

Kwa hiyo nikatoa barua zako nikazipanga mezani. Tangu Machi, ukiacha jina la Herkule unalolijua kwa moyo, hujaniandikia neno hata moja juu ya kitu chochote kilicho katikati. Ukingo, ubavu, herufi, mkia wa herufi. Kwa Herkule, nyota za ubavuni. Na barua zenyewe: mistari inapanda na kushuka, maneno yanapandana.

Babu, mimi kazi yangu ni kukata lenzi, si daktari. Lakini karakana yetu inawakatia watu kama hao kila juma. Nyuma ya jicho kuna mahali padogo sana, pa katikati, ambapo ndipo tunaposomea na kutambulia nyuso. Pakianza kuharibika, mtu anaendelea kuona pembeni vizuri, hagongi milango, hamwagi chai, na kwa hiyo haambii mtu. Kuna namna inayokwenda polepole isiyo na dawa. Na kuna namna nyingine inayokwenda haraka, hiyo ina dawa, lakini haingoji. Ukichelewa miezi, kilichokwenda hakirudi. Mimi siwezi kujua yako ni ipi kwa barua. Hakuna anayeweza kujua mpaka atazame ndani.

Karatasi yangu ya miraba iko wapi?

Nenda juma hili. Tafadhali, Babu. Mpanzi nitamrudisha kwa rejista. Akina Herkule usiwatoe.

Mjukuu wako


2 Juni

Sarafu irudishwe mara moja. Si yako wala si yangu.

Nimefanya kazi ya kutazama tangu kabla mama yako hajaota jino. Sikukutumia sarafu ili unikague mimi.


10 Juni

Babu, shikamoo. Na kwa kuwa barua yako haikuwa na marahaba, nimejiitikia mwenyewe, na pia nimekuulizia hali na kukujibia kwamba hujambo. Tumemaliza salamu.

Mpanzi nimemtuma jana kwa rejista, risiti hii hapa. Mwambie Mzee wa Saa nilimlaza kwenye pamba yake mwenyewe.

Sitabishana. Nataka kukukumbusha jambo moja tu. Nilikuwa mdogo, likizo, umenikalisha kwenye kile kistuli kando ya sinki. Akaja yule mwanamume mnene, mwenye duka la magodoro. Wiki iliyotangulia alikuwa amelia kwa jino. Siku hiyo akaja kukuambia tu kwamba haliumi tena, kwa hiyo hakai kwenye kiti. Alikuwa ameshashika mlango. Ukamwambia, "Bwana, jino lililonyamaza halijapona. Limekufa. Rudi ukae." Yule mtu mzima mwenye duka lake alirudi akakaa kama mtoto wa shule, nami nikaona kwamba hakuna mtu duniani mwenye nguvu kuliko babu yangu.

Rudi ukae, Babu.

Mimi


28 Julai

Kwako mjukuu wangu, mkorofi wangu, jicho langu,

Marahaba. Marahaba ya barua hii na ya ile niliyokunyima. Naandika kwa kalamu nene ya kuandikia makasha, kwa hiyo karatasi zitakuwa nyingi na maneno machache. Mama yako mdogo anasema ni mara ya kwanza Mungu amepata njia ya kunifupisha. Paka wako anakula kuliko mama yake. Ukumbi umepakwa tena. Rangi yake sikuambii, kwa sababu itabidi niulize.

Karatasi yako ya miraba ilikuwa kwenye droo. Niliitazama siku ileile ilipofika, na nilichokiona ni hiki: mistari ilikuwa inakwenda vizuri, inafika karibu na kitone, inainama kama inaogopa, na kitone chenyewe hakikuwepo. Nikaifunga droo. Nilikuwa najua kabla ya hapo. Asubuhi moja mama yako mdogo aliingia jikoni akanyamaza, na nikakaa nikingoja aseme kitu ili nimjue ni nani. Mwanangu wa kumzaa. Baada ya hapo nikawa nasalimia mimi kwanza, kwa sauti kubwa, ili kila mtu aitike. Watu walisema mzee amechangamka.

Ile habari ya mtu wa magodoro ilinikasirisha siku kadhaa, kisha ikanichekesha, kisha nikavaa viatu.

Daktari wa macho ni binti wa rika lako. Alinilaza kwenye kiti kinachoinama kama kile changu. Nikamwambia, "Mimi ni daktari mwenzako." Akasema, "Pole. Madaktari ndio wagonjwa wabaya kuliko wote. Fungua jicho." Alitazama ndani muda mrefu bila kusema, na ndipo nilipojua walichokuwa wakikihisi watu wote wale niliowaangalia huku nikiguna, "Mm."

La kushoto, sehemu ya katikati imekwenda, na ni ile namna ya polepole. Hairudi. La kulia ni ile namna nyingine, ya haraka, na lilikuwa bado lina cha kuokolewa. Amesema ningengoja mvua nyingine, asingekuwa na la kunifanyia. Dawa yenyewe ni sindano, mjukuu wangu. Ndani ya jicho. Maisha yangu yote nimewaambia watu kwamba haitauma. Nikamsikia huyu binti ananiambia maneno yaleyale kwa sauti ileile, na sikumwamini hata kidogo. Lakini alisema kweli. Haikuuma sana. Nimechomwa mara mbili na nitaendelea kuchomwa. Kuenea kumesimama. Nasoma vichwa vya magazeti. Zaidi ya hapo hakuniahidi, na nimempenda kwa kutoniahidi.

Nilikwenda kwa Mzee wa Saa kuvunja mabadilishano. Nilikuwa na hasira naye, nikidhani alinyamaza makusudi. Nikamwambia, "Mbona hukunieleza habari ya goti?"

Akasema, "Goti? Goti lake limekwisha siku nyingi, hata kipofu..." Akalimeza neno. Kisha akasema, polepole, "Mimi nilidhani umeliona. Nilidhani umempenda hivyohivyo na goti lake. Nikasema moyoni, mzee huyu ana roho kubwa, anatoa safu nzima kwa ajili ya kilema." Akavua miwani akaanza kuipangusa kwa shati, nami nikamkaripia asipanguse lenzi kwa shati, na hivyo tukapatana. Akina Herkule wamebaki kwangu. Mpanzi ni wake. Ila nilimwomba aniache nimtazame mara moja ya mwisho, mezani kwake, chini ya ile taa yake ya kazi.

Yule binti alikuwa amenifundisha jambo, na nilidhani ni la kunifariji tu. Alisema, "Unachotaka kukiona, usikitazame. Tazama kando yake, uache kije chenyewe." Mimi nimefundisha wanafunzi kutazama, mjukuu wangu, nikakufundisha na wewe, na hakuna hata siku moja niliyomwambia mtu asitazame.

Nikamshika Mpanzi ubavuni. Kwanza nikafanya nilivyozoea, nikamtazama yeye. Palikuwa na moshi. Ndipo nikayahamisha macho kwenye ile miale ya jua nyuma yake, pembeni, nikayaacha hapo, nikangoja. Na akaja. Ilikuja kofia, zikafuata nywele zilizotupwa na upepo, ukafuata ule mkono mrefu na nguo iliyojaa hewa. Hakuwa wazi kama wa zamani. Alikuwa kama mtu anayepita nje ya dirisha wakati wewe unasoma. Lakini, mjukuu wangu, alikuwa anatembea! Miaka yote nimemtazama usoni na nimemwona amesimama, mguu mmoja juu, kama aliyeambiwa angoje. Sasa nilipomwinamisha, nuru ikazunguka na yeye akapiga hatua, nikamwinamisha tena akapiga nyingine. Nilitaka kumgeukia. Macho yalinivuta kama mbwa anavyovuta kamba. Sikumgeukia, kwa sababu nilijua angetoweka.

Goti nililiona pia. Ni bapa kabisa, kama ulivyosema. Nzuri sana, si ua. Nikamwambia Mzee wa Saa aandike hivyo kwenye kibahasha chake, na akaandika.

Kisha nikarudisha macho kwenye jua, ili aendelee kutembea.

Babu yako